Mnara au Bustani

Jumatatu, 3 Machi
Vyuo viwili vimenikubali kusomea uzamivu wa nadharia ya uhusiano wa kimataifa! Mimi, niliyeanza kwa kubeba vigae kichwani, nikasoma jioni vumbi likiwa bado masikioni. Kimoja nakiita Mnara, kwa jengo lake. Cha pili Bustani, maana picha zake zote ni maua.

Mke wangu kauliza naenda kipi. Nikamwambia hatuchagui kwa moyo, tunachagua kwa alama. Nimepiga hesabu: msimamizi, maktaba, ufadhili, sifa. Bustani 81. Mnara 58. Kwisha kazi.

Profesa wa Bustani ni mama mmoja mkali. Alinihoji kwa video nikiwa stoo ya vigae. Mada yangu: kwa nini nchi hukataa mkataba wenye manufaa kwake, eti kwa sababu jirani atafaidi zaidi. Akataka mfano. Nikamsimulia jinsi mtaa wetu ulivyokosa taa ya barabarani, baada ya mwenye duka mmoja kupinga kwa kuwa ingemmulika zaidi mwenzake wa ng'ambo. Akauliza mwenye duka huyo ni nani. Nikasema ni mimi. Alicheka hadi akavua miwani, akasema hiyo ndiyo sura ya kwanza. Nafasi yenye ufadhili mwaka huu ni moja tu, kanipa mimi. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Tulikwenda ukweni kutangaza. Nimefika, nakuta mwanyumba kanitangulia. Huyu kaoa dada wa mke wangu, anafanya kazi ofisi yenye zulia, na hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko kalamu. Naye kaomba uzamivu! Uleule! Kapata Mnara!

Baba mkwe tayari anamwita Daktari. Daktari, sogea upate upepo. Daktari, ongeza mchuzi. Mimi nilikuwa karibu na mlango, kila anayepita ananikanyaga.

Nikatangaza Bustani. Baba mkwe akauliza kama ni chuo cha kilimo. Mwanyumba hakucheka. Alinipa pole kwa macho. Heri angecheka.

Jumatano, 5 Machi
Sikulala. Nimegundua kasoro kwenye hesabu yangu: nilisahau kigezo cha tano, Heshima Ukweni. Nimekipa asilimia arobaini. Mnara wamepata mia kwa mia, Bustani kumi. Jumla mpya: Mnara 74.8, Bustani 52.6. Hesabu haina upendeleo.

Lakini nikienda Mnara naye yuko Mnara, nitakuwa nimepata nini? Lazima atoke. Nimempigia simu kwa sauti ya kindugu. Nikamwambia, mwanyumba, nakuonea huruma, Mnara wasimamizi hawajibu barua za wanafunzi. Bustani kuna profesa anasoma kila ukurasa, na ufadhili juu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba sikudanganya hata neno moja.

Akasema lakini nafasi ni moja, na umeshapewa wewe. Nikamwambia najitoa kwa ajili yake. Akasema, ndugu yangu, kumbe una roho nyeupe hivi! Nilikaribia kuona aibu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo, kasikia yote. Akasema: baba watoto, wewe hata peponi ungekataa kuingia ukisikia mwenzio yumo. Nikamwambia haya ni mambo ya mkakati.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwandikia profesa kwamba najitoa, nikampendekeza mwanyumba kwa maneno matamu. Mnara nimewajibu ndiyo. Hawana ufadhili, kwa hiyo pikapu ya kubebea vigae itauzwa. Dereva kauliza atakuwa anaendesha nini.

Jioni profesa kaleta jibu la mstari mmoja: umekikataa chuo, au umemkimbia mtu? Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Wasomi wana maswali ya ajabu.

Jumatatu, 17 Machi
Siku mbaya. Bustani wamemchukua mwanyumba, ufadhili wote, na posho! Baba mkwe kageuka. Sasa anasema Mnara wanachukua kila mtu kama stendi, ila Bustani wamepekua dunia nzima wakamchagua mkwe wake mmoja.

Mnara nao wameniandikia. Profesa wao wa nadharia amestaafu. Nimepangiwa msimamizi anayechunguza ucheleweshaji wa makontena bandarini. Nimemwandikia barua tatu. Kimya.

Usiku mwanyumba kapiga. Anataka nimweleze, kwa kifupi tu, nadharia yenyewe inasemaje, kwa sababu profesa kamwambia asipoelewa amuulize yule bwana wa vigae. Nilimweleza kwa saa nzima. Nilieleza vizuri mno! Nikamsikia anaandika.

Mke wangu kaniletea chai, akakaa. Hakutania safari hii. Akasema yule mama alikutaka wewe. Basi. Akaondoka na kikombe chake.

Jumatano, 19 Machi
Nimetafakari kwa kina, na mtu mzima lazima akubali kosa lake. Kosa ni ile asilimia arobaini. Ilitakiwa iwe hamsini.

Leo shemeji, mke wa mwanyumba, kamwambia mke wangu kwamba mwanyumba ameng'olewa jino, tena na bingwa, kwenye kliniki yenye kiyoyozi, na ukoo mzima umekwenda kumpa pole. Baba mkwe kabeba matunda.

Nimeulizia. Kuna bingwa mwingine anayemzidi, mwenye viyoyozi viwili. Nimepangiwa kesho asubuhi. Kaniuliza ni jino gani linalonisumbua. Nimemwambia achague yeye.