Hoteli Yangu ya Paka

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua hoteli ya paka kwenye chumba cha kufulia cha dada yangu. Dada hajui, yuko safarini hadi Ijumaa. Wageni watano tayari. Mmoja ni Bi Mkubwa, paka wa mwalimu mstaafu wa ghorofani; mwalimu mwenyewe anakwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alinishika mkono akasema hana mwingine wa kuzungumza naye ila paka huyu. Nikaapa kumtunza. Jioni fundi cherehani akaleta wa sita, anapiga chafya. Nikauliza kama kachanjwa. Akasema paka wake ni chuma. Nikampokea. Mteja hafukuzwi.

Jumatano, 5 Juni
Chafya chumba kizima. Macho tongotongo, pua zinachuruzika. Nimewapa chai ya tangawizi. Sasa nina mikwaruzo mitatu. Bi Mkubwa hali tangu jana, anatazama ukuta tu. Naogopa kwa kweli.

Alhamisi, 6 Juni
Dada karudi mapema. Akahesabu paka, akanitazama, akaniambia nilete vikapu. Daktari wa mifugo akasema ni virusi vya mafua ya paka: vinaruka kwa chafya, vinahama kwa bakuli, na kwa mikono yangu niliyowapapasia wote kwa zamu. Pua ikiziba paka hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Tuwafukize kwa mvuke, tuwafute macho, tuwape samaki wa kunukia.
"Kila paka na bakuli lake," alisema. "Na wewe, nawa mikono."

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya pili dada anashinda bafuni kwenye mvuke, Bi Mkubwa mapajani. Hajanilaumu hata neno. Leo Bi Mkubwa kalamba samaki kidoleni mwake. Dada akalia. Mimi nikajifanya natafuta taulo.
"Asante, dada."
"Kamwambie mwalimu ukweli."
Nimekwenda. Jicho lake moja limefungwa bendeji. Lililobaki lilitosha kunisuta. Kisha akanishukuru kwa kutokimbia. Sistahili watu hawa.

Jumapili, 16 Juni
Wote wamepona. Daktari kaonya kuwa aliyepona anaweza kubaki na virusi na kuambukiza wenzake. Nimemsikia. Ila shukrani ikizidi moyoni haifungiki. Kesho nafanya karamu: paka wote sita, na kumi wa mtaa wa pili, chumba kimoja, sinia moja la samaki, wale kama ndugu. Dada sijamwambia. Atafurahi mno.