Mishale ya Kwenda Hotelini

Jumatatu, 4 Agosti
Mke wangu ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Kalipangusa vumbi, kaliweka kitandani, upande wangu. Anasema Jumatatu ijayo anahamia kwa dada yake, mji mwingine, wafungue duka la dobi. Arudi lini? Hakusema, nami sikuuliza. Nikasema haya, nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi tayari.

Nyumba bila yule mwanamke ni kuta na bati. Naogopa, nasema kweli. Lakini kulia hakujengi. Nitapanga.

Jumanne, 5 Agosti
Nimelipata! Limenijia nikiwa juu ya ngazi, nusu ya bango la duka la viatu. Ile hoteli ya zamani mlimani, juu ya ziwa! Ilifungwa miaka mingi iliyopita, wenyewe hata hawajulikani walikokwenda. Ndipo tulipoonana mara ya kwanza. Yeye alikuwa akibeba mashuka, mimi nachora namba kwenye milango ya vyumba. Akasimama, akaniambia saba yangu inataka kuanguka. Nikajua huyu nitamwoa.

Basi, mpango. Jumamosi, matembezi ya mlimani, kutwa nzima. Yeye atashuka kituo cha basi, katikati ya mteremko, apande kwa miguu. Mimi nitakuwa nimetangulia kwa siri. Akiingia ukumbini anakuta meza, kitambaa cheupe, kuku wa kuchoma, na mimi ndani ya koti. Machozi! Sanduku linarudi juu ya kabati, na mimi sijafungua mdomo.

Nimemwambia tu kuna matembezi. Kanitazama kitambo, kasema sawa, pale anapapenda. Kisha akauliza kama nina jambo lingine la kumwambia. Nikasema avae viatu vya kamba.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa. Shemeji kasikia. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa michezo, havui filimbi shingoni hata msibani. Anasema dada yake hapandi mlima kwa mipango ya mtu aliyefuga bata bafuni. Wale bata walikuwa wa muda tu! Tangu siku hiyo nikikohoa ananikumbusha bata.

Nilinuna mpaka mchana. Kisha nikaona kumbe ni heri, mtu wa kumsindikiza anahitajika. Nimempa uongozi wa msafara. Kichwa kikamvimba papo hapo. Akauliza njia ataijuaje. Nikamwambia ina mishale, afuate tu. Haina. Lakini mchora mabango mjini hapa ni nani?

Alhamisi, 7 Agosti
Kazi imekwisha, na mgongo nao umekwisha.

Nilipanda na lori la kokoto kwa barabara ya nyuma mpaka hotelini. Loo, imechakaa! Bwawa la kuogelea limeota matete, vyura ndio wageni. Dari la ukumbi limebonyea. Namba zangu zipo bado milangoni, hata ile saba. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Mlinzi ni mtu wa uso mkavu, analala mapokezi, nyuma ya kaunta. Amekubali kutoa meza moja na viti viwili, kwa sharti naye ale.

Kisha nikashuka kwa miguu, kopo la rangi mkononi. Kila jiwe kubwa, kila kona, mshale mweupe wenye kivuli cheusi. Nikifika penye njia mbili nasimama, natazama ninakoelekea, nauchora hapo hapo, pasiwe na kubahatisha. Nikapita kituo cha basi nikaendelea mpaka ufukweni, kwa kuwa rangi ilikuwa imebaki na brashi zilitaka maji. Sijawahi kuchora mishale mizuri namna ile. Hata shemeji hapotei.

Ijumaa, 8 Agosti
Koti linanibana kwapani. Mke wangu anapanga nguo, kona kwa kona, wanavyokunja madobi. Mashuka yote mazuri ameniachia mimi. Angeyabeba nisingeumia hivi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeula wa chuya.

Nilifika hotelini mapema. Nikatandika kitambaa, nikapanga sahani, nikakaa wima koti lisikunjamane. Saa zikapita. Mtandao wa simu kule hakuna. Mlinzi akaja kuuliza kama mgeni wangu ni wa kweli. Mvua ikaanza, ikapita darini moja kwa moja hadi kwenye mkate. Mlinzi akasema chakula kuharibika ni dhambi. Akavuta kiti cha mke wangu, akala kuku wa mke wangu, akanisifia chumvi.

Jioni nikashuka. Njia ilikuwa rahisi ajabu! Kila kona mshale unanielekeza, sikukosea hata mara moja. Nilikuwa karibu na kituo cha basi nilipoelewa. Nikakaa juu ya jiwe, mvuani, nikajitukana kwa sauti, kisha nikaifuata mishale yangu hadi ufukweni, nikawakuta.

Nao walishuka basi asubuhi, wakauona mshale, shemeji akapuliza filimbi, wakaufuata mpaka ziwani. Wameshinda ufukweni kutwa. Shemeji anasema ni matembezi mafupi lakini yenye mpangilio mzuri, hakutegemea kwangu. Akaenda kutafuta usafiri.

Tukabaki wawili. Mke wangu akatazama koti, akatazama rangi kwenye kucha zangu. Akauliza nilikuwa wapi. Nikamweleza yote: meza, kitambaa, mlinzi, ile saba. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Ungeniambia tu usiende," akasema. "Neno moja. Wiki nzima nimelingoja. Ningelifungua lile sanduku jioni ile ile."

Nikamwambia kosa lilikuwa kuchora huku nashuka. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 10 Agosti
Mvua. Shemeji kaja kufunga sanduku kwa kamba. Hakunitajia bata. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Jumatatu, 11 Agosti
Amekwenda. Nilimsindikiza stendi. Dirishani akaniambia nimpigie akifika, saa yoyote, nikiwa na la kusema atasikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema safari njema, nikampa mwavuli. Basi likaondoka, nikabaki nimesimama mpaka wapiga debe wakanihurumia.

Nimerudi. Chumba kinarudisha mwangwi kila ninapokohoa.

Lakini maneno yake ya Jumamosi nimeyatafakari vizuri, na mwanamke ana haki. Nilipaswa kusema! Basi nitasema. Mbele ya nyumba ya dada yake kuna tangi la maji, refu, linaonekana mji mzima. Nitapanda, nichore RUDI, herufi kubwa kuliko mtu, nyekundu. Afungue dirisha asubuhi alikute. Nahitaji ngazi ndefu, kamba, ruhusa ya mwenye tangi, au asiwepo. Mwezi mmoja unatosha. Shemeji asijue kitu.

Mke wangu kanipigia mara mbili jioni hii. Sikupokea, nisije nikaropoka nikaharibu. Nimeisogeza simu kando, nipate nafasi mezani ya kupima herufi.