Sabuni ya Bibi Pindo na Sanduku la Kituo Namba Nne

Sogezeni viti, zimeni redio, na mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, kwa maana nitakayoyasema sitayarudia. Nawasimulia vita vya Kituo Namba Nne, siku Bibi Pindo, mshika mkasi, mshinda cherehani, fundi aliyewapima viuno wabunge wote watano wa jimbo letu na asiseme neno, aliposimama peke yake mbele ya sanduku la kura, na sanduku likasalimu amri. Sikusimuliwa, nilikuwepo. Ni mama mkwe wangu, na mkoba wake nilikuwa nimeushika mimi.

Kwanza lijueni jimbo. Lina kata saba, soko moja, na daraja moja ambalo halipo. Daraja hilo limeahidiwa katika kila uchaguzi tangu jimbo lichorwe kwenye ramani, na ndilo pekee ambalo halijawahi kushindwa. Mbunge wa kwanza alikuwa muuza nyama. Alikaa bungeni miaka mitano, akasimama kuzungumza mara moja, akaomba dirisha lifungwe kwa kuwa upepo ulikuwa unampiga shingoni. Dirisha likafungwa, na wafuasi wake huutaja ushindi huo hadi leo. Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Wa tatu alikuwa mkandarasi, na hapo ndipo kidonda kilipo.

Maana historia ya jimbo hili ni pia historia ya kura za Bibi Pindo, na kura za Bibi Pindo hazikuwahi kufika. Katika uchaguzi wa kwanza aliweka alama kwa wagombea wote watatu, kwa sababu wote walikuwa wateja wake na hakutaka kumvunja mtu moyo. Ikaharibika. Katika wa pili aliweka alama moja safi, kisha akatia sahihi chini, kama mtu mwenye adabu anayemaliza barua. Ikaharibika. Katika wa tatu alifanya kila kitu sawasawa, ila akaikunja.

Na hapa niwaambie ukweli: yule mama hawezi kushika kitu bapa kikabaki bapa. Leso, gazeti, shuka, mfuko wa sukari uliokwisha, vyote huvikunja, akavikunja tena, akavipiga pasi kwa kidole gumba. Ni miaka hamsini ya kushona mapindo. Basi karatasi ile ya kura aliikunja mpaka ikawa nene kama kiberiti, asije mteja yeyote akaona kilichomo, akaisukuma kwenye tundu la sanduku kwa nguvu ileile anayosukumia jinzi chini ya sindano. Ikachanika. Nusu ilizama, nusu ikabaki mkononi.

Mwaka huo mkandarasi na mpinzani wake walilingana, kura kwa kura, jimbo zima. Mshindi akapatikana kwa kuokota kikaratasi kutoka ndani ya kofia. Kofia ikampenda mkandarasi, naye akaleta malori kumi na moja ya mawe ya daraja, akayamwaga mbele ya lango la soko, na yapo palepale. Kuku wametaga humo. Kila Bibi Pindo anapojikwaa hapo husema, "Haya ni mawe yangu. Nusu karatasi iliyobaki mkononi ndiyo iliyoyaleta."

Wa nne na wa tano sitawachosha nao: walikuja, wakapiga picha na mawe, wakaenda. Chaguzi hizo mbili Bibi Pindo alibaki nyumbani, akidai ana nguo za watu za kumaliza. Hakuwa na nguo. Alikuwa na hofu.

Ukafika uchaguzi wa sita, wagombea tisa. Wanane waliahidi daraja. Wa tisa, mkunga mstaafu asiye na bango hata moja, alipanda juu ya yale mawe akasema hatajenga daraja lolote, ila akichaguliwa atayaondoa mawe ili watu wapite. Soko zima lilicheka mpaka muuza vyombo akavunja sahani.

Asubuhi ya siku yenyewe mama mkwe alitoka chumbani amevaa gauni lake la harusi za watu.

"Mkwe wangu," alisema, "nina miaka sabini na minne. Nimezaa, nimezika, nimeshona. Sijawahi kuhesabiwa. Leo watanihesabu."

"Basi usikunje, mama. Mara moja tu, katikati."

"Nimekusikia."

Kusikia alisikia.

Kituo kilikuwa darasa la nne. Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka vyoo, ikarudi uwanjani. Tulifika mbele saa tisa alasiri. Wino ukapakwa kidoleni, karatasi ikatolewa, ndefu kama taulo kwa ajili ya wagombea tisa, na shujaa wetu akaingia nyuma ya kibanda cha maboksi. Sisi tuliobaki nje tukasikia, ole wetu, kidole gumba kikipiga pasi. Mkunjo wa kwanza. Wa pili. Nikafumba macho. Wa sita.

Akatoka amebeba ngome ndogo. Akaikabidhi kwa tundu la sanduku, na tundu, jembamba kama mdomo wa mtu aliyenuna, likameza nusu likakataa nusu. Sanduku lenyewe ni la plastiki inayoonyesha ndani, hivyo darasa zima likaona karatasi imening'inia juu ya wenzake kama popo.

Halafu foleni ikafumbua kinywa.

"Bibi, unaposta barua au unapiga kura?"

"Mwacheni, anaweka pindo."

Msimamizi wa kituo, mwalimu wa hesabu mwenye tai, akasimama akainua kitabu cha kanuni kama ngao. "Asiiguse mtu. Karatasi ni ya mpiga kura mpaka izame. Sanduku halifunguliwi mpaka jioni. Na wewe, bibi, huruhusiwi kuikunjua hadharani. Ikichanika, imeharibika."

Neno hilo la mwisho lilimpiga kifuani, nilimwona. Mkono uliokwisha kuinuka ili usukume kwa nguvu za jinzi ukasimama hewani. Nikajua anaiona ile nusu ya zamani, na malori kumi na moja.

Akaushusha mkono. Akavuta pumzi. Akasema kwa sauti ya mtu aliye dukani kwake, "Zipu ikikwama haivutwi kwa hasira. Mkwe wangu, nipe sabuni."

Ndani ya mkoba, katikati ya utepe wa kupimia na vifungo, mlikuwa na kipande chembamba cha sabuni ya bluu, kile mafundi wanachochorea vitambaa. Nikakitoa. Na hapo majeshi mawili yakainuka kutoka kwenye dawati la mawakala.

"Napinga," alisema wakala wa mpinzani mkuu, bwana mwembamba wa kikohozi. "Bluu ni rangi ya chama cha mbunge aliyepo. Hiyo ni kampeni ndani ya kituo."

"Bluu ni rangi ya sabuni," alijibu wakala wa mbunge, bwana mnene. "Tena naipinga mimi. Watasema tumeteleza mpaka bungeni."

"Tangu lini mkahitaji sabuni?"

"Mwenzangu, wewe ndiye ungeihitaji. Hebu itazame kola yako."

Foleni ikashangilia kola. Msimamizi akafunua kitabu ukurasa kwa ukurasa, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai, kisha akatangaza hukumu ambayo vizazi vitaisoma: "Kitabu hakisemi lolote kuhusu sabuni. Kisichokatazwa kinaruhusiwa. Mawakala wainuse, wathibitishe ni sabuni."

Wakainusa, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa mazishi. Ilikuwa sabuni. Wakatia sahihi.

Ndipo Bibi Pindo, mtuliza mazipu, mfariji wa sketi za shule, akainama. Akapaka midomo ya tundu, kushoto, kulia, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Akairudisha karatasi nyuma unene wa uzi. Mwalimu wa hesabu aliacha kupumua. Bwana wa kikohozi alisahau kukohoa. Kisha kwa kidole gumba kimoja, bila nguvu, akaibembeleza.

Tap.

Ilidondoka nzima, ikabingirika juu ya kura za jimbo, ikatulia. Kelele zilizotoka kwenye foleni ziliwatoa walinzi getini mbio. Wakala mnene alimkumbatia wakala mwembamba, wakakumbuka, wakaachana. Na tangu hapo, nawaapia, kila aliyefuata aliitelezesha kura yake bila kusukuma, na foleni ile ikawa ya kwanza kuisha katika kata zote saba.

Alfajiri iliyofuata aliniamsha kwa kunivuta shuka. Fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa la nne, na watu wameizunguka. Redio zilikwisha kutangaza kwamba mbunge aliyepo amerudi; daraja limeshinda kwa mara ya sita. Nikamsomea mama mkwe mstari wa chini kabisa, ule aliouogopa maisha yake yote.

"Kura zilizoharibika: sifuri."

"Rudia."

"Sifuri, mama. Haijawahi kutokea kituo hiki."

Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa juu zaidi, kwenye mstari wa mgombea wa tisa, yule mkunga wa mawe. Mbele ya jina lake palikuwa na tarakimu moja tu: 1.

Mwanamke aliyekunja karatasi mara sita ili asionekane akanyoosha kidole chenye wino mbele ya wateja wake wote, akakiweka juu ya ile tarakimu.

"Hii hapa," alisema. "Hii ni mimi."

"Bibi, Bibi," wakala mwembamba akamnong'oneza, "kura ni siri."

"Siri ilikuwa jana," alisema Bibi Pindo, akachukua mkoba wake mkononi mwangu, akashika njia ya sokoni kuyasalimu mawe.