Ukurasa Usio na Namba

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mama alinituma nyanya, nikamletea mbichi zote. Dada yangu Ivyne anasema ni kijani tupu. Mimi naziona zimeiva, tena vizuri. Mama Kaluki, muuza nyanya wa kibandani, alinitazama nikizichagua moja moja. Nilidhani anastaajabia ujuzi wangu.

Ningepuuza, ila keshokutwa napimwa macho. Shule ya urubani imesema wazi: bila cheti cha daktari, hakuna kurusha ndege peke yako. Na Mama ameshatangaza kanisani hapa Waithaka kwamba mwanawe Jackton ni rubani. Ibada ya shukrani ni Jumapili. Kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wenye mabawa.

Bramwel, mwenzangu wa darasani, alipata cheti chake wiki jana. Amekitia kwenye plastiki. Leo alinisimamisha mlangoni. "Niaje captain. Hii shati yangu ni colour gani?"

Nikamwambia ni chafu. Jibu zuri sana. Hadi sasa sijui ilikuwa rangi gani.

Lakini nina mpango. Macho hupimwa kwa kitabu cha vidoti vya rangi, na kila ukurasa una namba iliyojificha humo ndani. Kitabu hicho kiko kwenye mtandao. Kinachopatikana kwenye mtandao kinaweza kukaririwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekariri! Ivyne ananisomea namba, mimi naangalia vidoti vya pembeni. Ukurasa wenye doti kubwa chini kushoto ni kumi na mbili. Wenye vidoti viwili vilivyobanana juu ni nane. Hata wakizichanganya kurasa, sibabaiki. Kusoma kwa bidii namna hii sijawahi, hata mwaka wa mtihani wa kidato cha nne.

Tumegombana mara moja tu. Kuna ukurasa Ivyne alisema hauna kitu. Mimi niliona namba pale pale, wazi kabisa: arobaini na tano. Ukurasa pekee niliousoma kwa macho yangu mwenyewe. Nikamwambia aache kuchati aangalie vizuri. Akaniapia hakuna namba. Nikamwonea huruma. Huenda na yeye ana shida ya macho, hajijui tu.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki iko Parklands, juu ya duka la vitambaa. Daktari Anita ana sauti ya upole, ile inayokufanya uanze kukiri makosa kabla hujaulizwa. Alichanganya kurasa kama karata. Nikatabasamu.

Kumi na mbili. Nane. Ishirini na tisa. Nilizitaja moja baada ya nyingine, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha ukatokea ule ukurasa wangu. Ivyne angenyamaza hapo. Mimi nilisema arobaini na tano kwa sauti ya kujiamini, nikaichora na hewani kwa kidole.

Daktari alivua miwani. Akasema macho ya kawaida hayaoni chochote kwenye ukurasa ule. Umetengenezwa uonekane na watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Basi akaniuliza zile nyingine nilizijuaje.

Nilikohoa.

Ajabu, hakunifukuza. Alinieleza sheria polepole. Anayeshindwa na kitabu hupimwa tena kwa taa, ndani ya chumba chenye giza. Akizitambua taa, mambo yake ni sawa. Asipozitambua, hawezi kupewa cheti cha kubeba abiria wa nauli. Anaweza kupewa cha daraja la pili tu, cha kujirushia ndege mwenyewe, tena mchana pekee. Nirudi Ijumaa.

Nilitembea hadi stendi bila kuona njia. Nilikuwa na huzuni, sitaficha. Tangu utotoni ndege ikipita naacha chakula natoka nje. Hadi leo natoka.

Kufika nyumbani nikawa nimeshapata mpango mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Ivyne atanisindikiza na kukaa nyuma yangu. Taa nyekundu, atakohoa mara moja. Kijani, mara mbili. Nyeupe, atanyamaza. Kwanza alikataa, akasema ni wizi. Nikamkumbusha nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Akasema ndiyo maana ana kovu gotini. Mwishowe akakubali.

Tumefanya mazoezi mchana kutwa. Moja, mbili, kimya, mbili. Safi kabisa. Mama alikuwa jikoni akisikiliza, nikamsikia akisema hicho kifua si cha kuchezea.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Mama alimkamata Ivyne na chupa ya dawa ya kikohozi, akamnywesha vijiko viwili vikubwa, na cha tatu cha kumaliza maneno.

Kufika Parklands Ivyne alikuwa anapepesa macho. Daktari Anita akamruhusu aketi kwenye kona. Akazima taa. Mbele yangu zikawaka nukta mbili ndogo, moja juu ya nyingine. Nikasubiri kikohozi.

Kimya. Nikasema nyeupe na nyeupe.

Zikabadilika. Kimya. Nyeupe na nyeupe. Kisha nyuma yangu nikasikia mkoromo, na sisi hatukuwa na makubaliano yoyote kuhusu mkoromo.

Daktari aliwasha taa, akamfunika Ivyne kwa shuka, akakaa karibu nami. Nikajikuta nimemweleza mpango wote wa kukohoa. "Jackton, hizi lights si za kunifurahisha mimi," alisema. Redio ya ndege ikifa, mnara wa uwanja huongea na rubani kwa taa. Kijani, tua. Nyekundu, usitue, kuna mwenzako njiani. Akaniuliza, nikiwa kule juu, nani atanikoholea.

Nilimfikiria huyo mwenzangu wa njiani. Kwa sababu fulani alikuwa na sura ya Bramwel, na hata hivyo sikutaka afe.

Nikaomba turudie. Safari hii nikasema nilichoona kweli. Nyingine nilizipata, nyingi nilizikosa. Nilishindwa kihalali, na nashangaa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi.

Cheti ninacho. Daraja la pili, mchana tu. Nimekisoma ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo. Nitaruka!

Jumapili, 9 Machi

Kwaya iliimba mabawa yote. Mama alilia, akanishika mkono mbele ya kanisa zima. Mchungaji akauliza cheti kinaruhusu nini. Nikasema kinaruhusu mbingu. Sikuona haja ya kutaja saa.

Bramwel alikuja, maana Mama humwalika kila mtu. Akala sahani mbili za kuku wetu, kisha akaniinamia. "Sasa captain, jua ikizama utapaki kwa wingu?"

Nilimwacha acheke. Nimefanya utafiti. Kule kaskazini kabisa mwa dunia kuna nchi ambako wakati wa kiangazi jua halizami wiki nzima nzima. Saa sita za usiku, mchana. Sheria inasema mchana tu, haikusema mchana wa wapi. Nashangaa hakuna rubani aliyewaza hili kabla yangu.

Kule kuna baridi, kwa hiyo baada ya ibada nilipitia kwa muuza mitumba nikajichagulia koti zito. Jekundu, la kuonekana kutoka mbali. Ivyne amelishika, amelitazama mbele na nyuma, akasema rangi yake ni ile ile ya nyanya za Jumatatu.

Nilijua tu. Zile nyanya zilikuwa zimeiva.