Mashine Zangu Haziishiwi

Jumatatu, 22 Septemba
Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba kwa heshima zote: usimwambie mtu, hata mama yangu. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine tisa za kutolea pesa haziishiwi noti. Bado niko kwenye majaribio. Meneja kasema ikikauka hata moja mwezi huu, sithibitishwi. Leo ya sokoni imebakiwa na noti chache, na gari la pesa haliji hadi kesho. Kuomba gari la dharura ni kukiri nimekadiria vibaya. Basi kwenye ripoti ya siku nikaiandika "matengenezo". Sikuamini macho yangu: ripoti ikaipitisha. Mashine mbovu haihesabiwi kuwa imeishiwa.

Jumatano, 24 Septemba
Nimeongeza ya hospitali, ya stendi na ya chuo. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Dada Kikokotoo, yake imekauka na amekiri mbele ya wote. Nikamhurumia, kwa furaha. Akaniuliza kama mashine zangu zina surua, mbona zinaugua kwa zamu.
Alasiri fundi akapiga simu. Ya hospitali ameifungua mpaka utumbo, ni nzima kuliko yeye. Kinachokosekana ni pesa tu. Nikamsihi aangalie tena. Akasema, mdogo wangu, nikiangalia tena nitaiharibu kweli.

Ijumaa, 26 Septemba
Mishahara imetoka. Zote tisa zimekauka, na zote nimeziandika matengenezo. Shangazi, ninayeishi kwake, amerudi na viatu mkononi. Amezunguka mji mzima bila kupata hata noti. Amewalaani wahusika mpaka vizazi vyao, kisha akanipakulia chakula. Nikala, kisha nikaosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Jumatatu, 29 Septemba
Bado nimepigwa na butwaa. Meneja amenisifu kikaoni: hakuna iliyoishiwa. Nikasimama, nikashukuru. Akaendelea: mashine zinazoharibika hivi ni hasara, makao makuu wanazing'oa zote tisa. Na karani asiye na mashine? Ijumaa watatangaza wanaopunguzwa kazi. Dada Kikokotoo akaninong'oneza: kaka, si ungeomba gari tu.

Jumanne, 30 Septemba
Nimetulia, nimefikiri kisomi. Kanuni za watumishi zinasema aliye kwenye likizo ya ugonjwa hapunguzwi. Basi tangu leo naumwa. Mgongo, nani ataupima?
Ukinihitaji, usipige simu ya ofisini. Pita nyuma kwa shangazi, gonga dirisha la jikoni, sema umeleta dawa. Akifungua yeye, usitaje benki.