Mwanga wa Kijani Juu ya Mtama wa Mama Gloria

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Mama Gloria, Tumsifu Yesu Kristo. Unaendeleaje huko Mugeta? Miguu imeacha kuvimba? Baba mkwe, mzee Wambura, na mama hawajambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila bado nalala upande mmoja wa kitanda kama vile upo. Simu zangu hupokei. Basi nakuandikia kila siku kwenye daftari kuukuu la Gloria, nikimaliza nilitume lote kwa basi.

Uliyosema nayakumbuka. Ulisimama mlangoni, furushi kichwani, ukalitazama jiko lisilo na bati. (Yale mabati niliyoyang'oa kutengenezea kikaushio cha dagaa. Mvua ikanyesha. Tuliache hilo.) Ukasema: "Baba Gloria, lima, palilia, linda, vuna. Mambo manne. Ukinivunia mtama wangu bila kubuni la tano, nitarudi."

Mawili ya kwanza tayari! Masuke yameinama, mekundu. Ungeyaona!

Tatizo ni kwelea, hawa ndege walao mtama. Wamehamia kwenye matete ya ziwani. Wakiinuka unadhani ni moshi wa nyumba inayoungua. Leo kanisani nimeongoza sala ya waamini. Nimemwomba Mungu aiharakishe ndege ya kunyunyizia dawa. Watu wakaitikia mpaka paa likaitika.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshinda juu ya dungu napiga debe. Sauti imekauka. Jirani yetu Masatu, kwenye dungu lake, ana kombeo. Anarusha jiwe moja, kundi zima linaamka na kuhamia kwenye mtama wako! Nikamwomba kwa upole wa Kikristo aache. Akacheka. Akauliza kama mwaka huu nitawakausha kwelea juu ya bati. Nimemsamehe. Mchana ikabidi nimsamehe tena.

Jioni bwana shamba wetu, yule kijana Fredi, kapita na pikipiki. Mungu kasikia! Ndege imefika uwanja wa Musoma. Jumatano, kwelea wakishatulia, inapiga dawa kwenye matete yetu. Alhamisi inakwenda Mugeta kwenu. Tufunike visima, tukae mbali. Nikauliza rubani atajuaje matete ya kuanzia. Fredi akasema ana ramani yake, nisihangaike. Zamani, akasema, watu walikuwaga wanasimama na vitambaa vyeupe kumwonyesha.

Vitambaa! Neno hilo limenikaa kichwani. Maana akianzia upande wa Masatu, kwelea wote watakimbilia shamba lako. Rubani ni mgeni. Mgeni anaonyeshwa njia.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Musoma mjini. Usiulize kwanza kwa nini. Kwa Dotto, yule muuza chaja karibu na soko, kuna tochi ndogo kama kalamu. Leza. Ya kijani. Kawasha, kidoa kikagusa paa la ghorofa ng'ambo ya barabara! Kikatulia kule juu kama nyota. Akanionya nisimmulike mtu machoni. Nikamjibu sina ugomvi na macho ya mtu.

Hela sikuwa nayo. Nimempa kuku wako, yule mwenye kishungi. Nitamkomboa, nakuapia. Alinitazama dirishani mwa duka mpaka nikageuza uso.

Hili si la tano, Mama Gloria. Ni la tatu, kulinda. Tochi badala ya debe.

Jumatano, 11 Juni

Utanivumilia mwandiko.

Watu wote walipanda kilima cha kanisa kama tulivyoagizwa. Mimi nikabaki kwenye dungu. Jua linazama. Ndege ikatokea upande wa kisiwa cha Rukuba, ikashuka, ikashuka, karibu iguse maji. Nikafanya ishara ya msalaba, nikawasha. Nikamwonyesha matete ya upande wa shamba lako. Hakugeuka. Nikaona hajaniona. Basi nikamulika pale pale mbele alipokaa, ajue namwita.

Akaona! Kioo chote kikawaka kijani. Nikashangilia. Nikapunga mkono!

Ndege ikayumba. Bawa likalalia mikaratusi ya Masatu, injini ikalia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Nikaita jina la Yesu na jina lako, sijui lipi lilitangulia. Ikajivuta juu ya miti, majani yakamwagika, ikaelekea Musoma.

Dawa haikudondoka hata tone. Kwelea wamelala salama. Mimi ndiye sijalala.

Alhamisi, 12 Juni

Mkutano wa kijiji. Fredi kaja hata salamu hana. Mtu kammulika rubani kwa leza, akasema. Akatueleza ule mwanga ukienda mbali haubaki kidoa, unatanuka, na ukigonga kioo cha ndege unasambaa kioo kizima. Mtu anakuwa kama aliyekodolea jua, na yeye hapo yuko chini, kasi kubwa, miti mbele yake. Rubani hakuona mti wala maji. Alivuta usukani kwa kubahatisha tu. Hadi leo anaona doa jeusi kila anapotazama. Daktari kasema litaisha, ila asiruke mpaka apimwe upya. Rubani mwingine hakuna. Ndege imelala uwanjani.

Mama mmoja akauliza, na Mugeta? Fredi akasema na Mugeta basi tena.

Shamba la baba yako. Mama Gloria, sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mtendaji akauliza ni nani. Nikasimama. Kweli nilisimama ili niseme. Mdomo ukasema, ndugu zangu, tumwombee rubani. Nikaongoza Salamu Maria kumi. Watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Masatu peke yake hakufumba macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Kwelea wameshuka alfajiri. Sauti yao kama mvua, na mbingu haina wingu. Nimepiga debe mpaka limetoboka. Pale walipotua palikuwa pekundu, walipoinuka yamebaki mabua.

Masatu kapanda dungu langu. Nikajua amekuja kunitoza kitu. Shamba lake limekwisha tangu asubuhi. Akasema mwanga wa kijani aliuona ulikotoka. "Wewe Bernado," akasema, "Mungu angekupa mabawa ungeruka kinyumenyume." Akasema nikamwambie rubani mwenyewe kabla ya misa ya Jumapili, la sivyo atamwambia yeye. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, Mama Gloria huwa anaachaga mbegu wapi.

Nikamwonyesha ile kona ya kichuguu. Tukakaa hapo, yeye na kombeo, mimi na makofi, mpaka jua likazama. Kona imepona. Kikapu kimoja cha masuke. Nilingoja aombe fungu lake. Hakuomba. Sijui anatafuta nini mtu huyu.

Jumamosi, 14 Juni

Musoma tena, na mapapai mawili. Rubani yuko nyumba ya wageni, mapazia yameshushwa, miwani nyeusi usoni. Mtu mpole. Alidhani nimetoka parokiani kumjulia hali. Nikamwambia ni mimi. Yote, mpaka ile ya kupunga mkono.

Akauliza nilitaka nini. Nikamwambia nilitaka alione shamba la mke wangu.

Akasema alikuwa amekwisha kuliona. Aliliona kutoka juu, jekundu lote, akasema moyoni hawa watakula mwaka huu. Kisha hakuona kitu tena. Akasema hapo alimkumbuka mwanawe, ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Nikalia, Mama Gloria. Mtu mzima mimi. Akaniomba nimmenyee papai, maana kwa karibu kisu hakioni vizuri. Nikammenyea. Akala kidogo, akashukuru.

Nikatoka nikamwambia Fredi, akanipeleka polisi. Nimeandika maelezo, leza wameichukua. Kumbe ni kosa la jela! Nimetoka kwa dhamana ya Masatu. Kila Jumatatu naripoti, mpaka kesi isomwe.

Jumapili, 15 Juni. Utatu Mtakatifu

Misa nimekaa benchi la nyuma. Sala ya waamini kaongoza Masatu. Anaikimbiza mno.

Kaka yako Samwel kanipigia. Hakusalimia. Mtama wa Mugeta umekwisha. Mzee Wambura anashinda ukingoni mwa shamba, chakula anarudisha kilivyo. Halafu Samwel akasema jambo ambalo nalizungusha kichwani tangu hapo. Kwamba ulikuwa umekwisha kufunga furushi. Kwamba ungepanda basi Jumamosi, uje unisaidie kuvuna. Kwamba Alhamisi usiku, habari za ndege na mwanga wa kijani zilipofika, ulilifungua.

Nimekaa jikoni pasipo paa, nikatazama juu.

Na nilipokuwa natazama juu, wazo likaja! Usikasirike, soma kwanza. Mabua nimeyakata yote. Yatachipua, unajua mtama ulivyo. Machipukizi hayo nitayalinda kwa kishada cha kurusha angani. Kishada chenye umbo la mwewe! Nimekwisha kulitandaza lile shuka lako jeupe la wageni. Uzi nitachukua wa nyavu za Masatu, nitamwambia baadaye. Mrefu kabisa, kipae juu, juu, huko huko ndege inakopita, ili kwelea wakione tangu Rukuba. Hakina mwanga hata kidogo. Macho ya mtu hakiwezi kuyagusa.

Hili si la tano. Ni lile lile la tatu, ila limepanda juu.

Kikapu cha mbegu nakutumia pamoja na daftari hili, mpe baba apande kwake. Msalimie sana, kama atapokea. Na mkasi uliuweka wapi? Nimetafuta nyumba nzima.

Nijibu upesi, Mama Gloria, nisije nikalikata shuka kwa kisu.

Mumeo,
Bernado