Kuepuliwa kwa Chungu cha Jamila

Sogezeni vinu kando, enyi mnaotwanga, na ninyi mnaopepeta tulizeni nyungo, kwa maana habari inayokuja ni nzito. Ni habari ya vita vilivyopiganwa Kindu, uani kwa Mama Mwavita mjane, mwaka wa elfu moja mia tatu na tano wa Hijra, baina ya Alasiri na Magharibi. Mafiga matatu yakiwa ndiyo ngome, moshi ukiwa ndiyo bendera, na chungu kimoja cha wali kikiwa ndicho mji uliozingirwa. Tuanze kwa kumtaja Mola asiyelala wala asiyechoka, kwa kuwa humu mna mtu aliyechoka kabla hajaanza kazi.

Mtu huyo ni Hamisi, Hamisi Mkaa-Imara, shujaa wa mkekani, ambaye mvua haikumwinua, jua halikumwinua, wala kuku aliyeingia kwenye mchele hakumwinua. Alikuwa na mke, Jamila, binti wa kaka yake Mama Mwavita, na miaka saba mke huyo aliinuka kwa ajili ya wawili. Hata siku moja Jamila akashikwa na homa, meno yakagongana, akalala. Chungu cha kunde kikafura, kikaanza kumwagika motoni. Hamisi alikuwa ameketi mkono mmoja kutoka kwenye chungu. Akaita, kwa sauti ya jemadari anayeita jeshi zima, "Jamila, chungu kinamwagika."

Jamila akaondoka kwenye mkeka wa homa, akaepua, akafunga furushi lake la nguo, akaenda kwa shangazi yake. Hamisi alitambua kwamba ameachwa pale alipotaka maji ya kunawa.

Miezi miwili ikapita. Hamisi akapata shamba la mpunga kule juu ya mto, upande wa Nyangwe, na mtumbwi ukapangwa. Jamila akikubali kupanda, atakwenda mahali asipokuwa na shangazi wala dada, yeye na Hamisi na vyungu vyao. Na kwa kuwa Hamisi hakuwa na maneno, alitafuta mtu mwenye maneno. Akamleta Waziri msimuliaji, Waziri Ulimi-wa-Asali, aliyesifiwa tangu Kasongo mpaka Kibombo kwa hadithi za mapenzi ya watu wazima, asimulie uani kwa Mama Mwavita alasiri tatu mfululizo, ili moyo wa Jamila ulainike. Leo ilikuwa alasiri ya tatu. Mtumbwi ulikuwa wa kesho.

Mama Mwavita alikuwa amezisikiliza zile mbili za kwanza, tasbihi mkononi, macho wazi. Hakuwa mtu wa kudhulumu. Alikiri moyoni kwamba hadithi ilikuwa na mazuri yake. Wapendanao wa Waziri hawakuwa vijana wenye macho ya paa; mume alikuwa na mvi na mke alikuwa na pengo, nao uani wakawaita hivyo, Bwana Mvi na Bibi Pengo. Bwana Mvi alikoroma. Bibi Pengo alimwiga akikoroma, na wanawake wakacheka mpaka karanga zikamwagika. Tena walipogombana, waligombana kama watu walioishi nyumba moja, kila mmoja akijua penye kidonda cha mwenzake. Hayo Mama Mwavita aliyapokea.

Lakini ugomvi wenyewe, Mola atusitiri. Bibi Pengo ameona kitambaa kipya sandukuni mwa mumewe, akadhani ni cha mwanamke mwingine. Nacho ni chake yeye, zawadi. Siku kumi na moja wanalia, huyu ng'ambo hii ya mto na huyu ng'ambo ile, na swali moja lingetosha kuimaliza hadithi kabla haijapata miguu. Humo hadithini kulikuwa na jirani ambaye hakuwa na nyumba, wala mtoto, wala shida, kazi yake kuja kushauri na kuondoka. Na jambo lililomkera kuliko yote, alimwuliza Waziri mwenyewe alipofika siku hiyo ya tatu.

"Mzee Waziri, leo watakula?"

"Nani, mama?"

"Hao watu wako. Siku mbili wanapendana, sijaona muntu akiwasha moto."

Waziri akatanua mikono. "Mama Mwavita, uliye nguzo ya ua huu, jua ya kuwa wapendanao hawana njaa. Mapenzi njo chakula yao."

"Basi leo na wewe utakula mapenzi. Ule wali tutaufunika."

Waziri akautazama wali, akaikunja mikono aliyokuwa ameitanua.

Jamila alikuwa ameshauteleka, akaupalia makaa juu, akaenda kukaa na wanawake kumenya karanga. Hamisi, kwa kuwa mawingu yalileta ubaridi, alipewa mahali pa heshima, karibu na moto. Mkono mmoja kutoka kwenye chungu.

Waziri akaanza. Akamwingiza Bwana Mvi mtoni, maji ya goti, maji ya kiuno, maji ya kifua, akimfuata mkewe, na katikati ya mto akamsimamisha, akamtolea hotuba: "Bibi yangu, tangu leo mzigo wako njo mzigo wangu. Ukichoka nitakubeba. Ukiugua nitakaa macho. Mkono wako hautashika tena kitu cha moto, na mimi niko hai."

Hamisi alikuwa akilia. Machozi yaliteremka kwenye ndevu kama wanajeshi washukao mlima. "Kweli kabisa," akasema. "Kweli kabisa, ndugu yangu."

Hapo harufu ikaja. Kwanza kidogo, mpelelezi mmoja tu, akapita puani mwa Mama Mwavita; kisha kikosi; kisha jeshi. Mkono wa Mama Mwavita, mkono uliokuwa umeepua vyungu miaka arobaini, mara mbili kwa siku, ukainuka wenyewe bila kuagizwa. Akauona ukiinuka. Kupoteza chakula ni dhambi, naye alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Akamtazama Jamila. Jamila ameacha kumenya. Hatazami chungu, anamtazama Hamisi. Basi Mama Mwavita akasema astaghfirullah, akauvuta mkono, akauweka chini ya paja, akaukalia. Vita vingi vimesimuliwa vya watu waliosimama. Hivi alivishinda mtu aliyebaki ameketi.

Hamisi akanusa. Akafuta macho. "Jamila," akasema, "wali unaungua."

"Naona, bwana."

"Basi?"

"Basi unaungua."

Hamisi akageuka kutafuta msaada upande wa pili. "Shangazi..."

"Mi nimekalia mukono, mwanangu," akasema Mama Mwavita.

Aliyevunjika alikuwa Waziri. Akakatiza hotuba, akanyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza katika alasiri tatu maneno yake yalitoka tumboni.

"Ewe Hamisi, nimemwacha Bwana Mvi katikati ya mto, maji ya kifua, na naapa sitamvusha mpaka chungu kile kitoke motoni. Ule wali njo chakula yangu."

Hapo Hamisi Mkaa-Imara akainuka. Magoti yakalia. Akaikabili ngome, akashika chungu kwa mikono mitupu, akapiga yowe, akarudi nyuma hatua tatu. Akajipanga upya. Akakunja pindo la kanzu, akasoma Bismillahi, akavamia mara ya pili, makaa yakaruka, moshi ukamfunika, na moshi ulipopungua, tazama, chungu kimo mikononi mwake, naye amesimama katikati ya ua akizunguka kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mgeni.

"Nikiweke wapi?"

"Pale unaponiona nikiweka kila siku," akasema Jamila.

Hakuwahi kuona. Akakizungusha mlangoni, akakizungusha kwenye kinu, mwishowe akakiweka mchangani, akapuliza vidole. Kisha akatoa hotuba yake, fupi kuliko zote zilizotolewa siku hiyo.

"Iko moto."

"Iko moto," akasema Jamila. "Miaka saba."

Hamisi akavitazama vidole vyake, kisha akaitazama mikono ya mkewe, yenye makovu madogo madogo mpaka kwenye viwiko, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu asomaye barua iliyochelewa. Hakulia. Hadithi ndiyo iliyokuwa imemliza.

"Mutumbwi uende," Jamila akasema. "Mimi nabaki kwa shangazi. Na chungu hicho sikisugui."

Waziri akala wali wa juu, usioungua, sahani tatu. Bwana Mvi akabaki mtoni, na hakuna aliyemwulizia.

Asubuhi mtumbwi ukaondoka kwenda juu bila Jamila. Ukaondoka pia bila Hamisi, kwa sababu alikuwa uani, amechuchumaa, mchanga na nyuzi za mchikichi mkononi, akikisugua chungu. Mama Mwavita akakikagua. "Bado hapa," akasema. Hamisi akasugua hapo. Jamila alipopita alimtupia kipande cha ukoko, naye akala. Hiyo si sulhu. Lakini tangu siku ya homa hakuwa amemtupia kitu.

Waziri sasa huisimulia habari hii huko Kasongo, na watu hulia. Katika simulizi yake, Hamisi anavuka mto wenye mamba, na Jamila anamwangukia kifuani. Chungu hakimo. Ndiyo maana imetubidi kuiweka sawa hapa, ili wajukuu wasidanganywe: wako wanaoukumbuka mwaka ule kwa ndui, na wako wanaoukumbuka kwa mafuriko, lakini uani kwa Mama Mwavita unaitwa mpaka leo mwaka ambao mwanamume mzima, mwenye mikono miwili, aliepua chungu baada ya kuombwa mara moja tu.